Kuwafundisha mapacha adabu: mwongozo kamili kwa watoto wa miaka miwili na nusu hadi mitano

Lalamiko ni lile lile kila mara. Mapacha wamefundishwa "shikamoo" miezi mitatu, lakini wakifika barazani kwa bibi, mmoja anaamkia na mwenzake anajificha nyuma ya kanga ya mama. Wamefundishwa kupokezana, lakini mpira ukitua uani wanaumana. Wakikaripiwa wanatazamana na kucheka. Mzazi anaamua kwamba ana watoto wenye vichwa vigumu.

Vichwa vyao havina kasoro. Kinachokwama ni ufundishaji: wawili kwa mpigo, kwa amri moja inayoanza na "nyie". Pacha anayeamriwa pamoja na mwenzake hana hakika kama ameambiwa yeye. Akikosea, yuko wa kumtazama. Akinyamaza, yuko wa kumsemea. Ndiyo maana kila hatua humu ina sehemu tatu zisizorukwa: kwanza mtoto mmoja peke yake, kisha wote wawili nyumbani, halafu mbele za watu.

Kwenye mifano tumetumia majina ya Kulwa na Doto. Kama wako ni Hassan na Hussein, au ni wa kike na wa kiume, weka yao. Nyumba tuliyoifikiria ni ya Tanga mjini, ya Ngamiani au Makorora, yenye ua, baraza na majirani wanaoingia wakati wowote. Majirani hao watakusaidia sana ukiwapanga mapema.

## Umri wa kuanzia

Anza wakifikisha miaka miwili na nusu. Chini ya hapo mtoto anaweza kuiga maneno na kuleta kitu alichoagizwa, lakini kungoja zamu hawezi, na kumlazimisha kunamfundisha kulia tu.

Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Kama wako walizaliwa wiki ya 32, wametangulia miezi miwili kabla ya siku yao, basi wasogezee miezi hiyo miwili mbele. Usiwapime kwa mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi mmoja nao.

## Vitu vya kuandaa

- Vikombe viwili vya plastiki na visahani viwili: vyekundu vya Kulwa, vya kijani vya Doto. Rangi hizo zisibadilike. Zinamsaidia mtoto kujua kilicho chake, na zinamsaidia mgeni kujua anaongea na nani.
- Utepe, bangili ya uzi au fulana za rangi hizo hizo, hasa kama wanafanana sana.
- Birika, beseni, sabuni, mkeka na sinia moja pana.
- Kitu kimoja cha kugombewa: mpira, au baiskeli ya magurudumu matatu. Usinunue viwili.
- Kigoda kimoja kifupi.
- Simu yenye mlio wa kupimia muda, au saa ya mchanga.
- Kalenda ya ukutani na kalamu mbili, nyekundu na ya kijani.
- Daftari la kuweka alama.
- Mtu wa pili kwa dakika 20 kila siku: baba, bibi, shangazi, dada wa nyumbani. Huyu ndiye atakayekaa na Doto wakati unamfundisha Kulwa. Bila yeye mwongozo huu unakwama kwenye hatua ya kwanza, kwa hiyo mtafute kabla ya kununua hata kikombe.

Kuna jambo la mwisho la kuandaa ambalo haliuzwi dukani, nalo ni makubaliano ya watu wazima. Kaeni siku moja, wote wanaowalea watoto hawa, mchague maneno. Akiitwa ataitikia vipi? Nyumba nyingi za hapa mtoto wa kike huitikia "abee" na wa kiume "naam". Wengine hutumia "labeka" kwa wote. Atasema "naomba" au "nipe tafadhali"? Chagueni moja, liandikwe, libandikwe mlango wa jikoni. Bibi akifundisha "labeka" na mama akafundisha "abee", mtoto mmoja hutegemea upande wa bibi na mwingine wa mama, na kila mmoja anamcheka mwenzake kwamba kakosea.

## Saa za kufundisha

Saa 3 asubuhi baada ya chai, au saa 10 alasiri wakishaamka. Dakika kumi kwa kila mtoto zinatosha. Usiguse somo jipya kati ya saa 12 jioni na chakula cha usiku. Hapo wana njaa na usingizi, na ndipo ugomvi mwingi wa mapacha hutokea.

Hatua nyingi zipewe wiki moja hadi mbili; ya zamu na ya sinia zinachukua zaidi. Kila mtoto akifanya jambo bila kukumbushwa, mwekee alama kwenye daftari kwa rangi yake. Akipata mara nne kati ya tano kwa siku tatu mfululizo, huyo amefuzu. Mwenzake kama bado, huyo aliyefuzu anaendelea na hatua mpya katika dakika zake. Hapana haja ya kumngojesha.

## Hatua ya 1: Kila mmoja na jina lake

Kwa siku saba, neno "mapacha" na neno "nyie" yasitumike kuwaita. Ukiwataka wote, taja majina mawili, tena kwa kupishana: "Kulwa, njoo. Doto, njoo." Jioni anza na Doto.

Fanya hivi katika dakika za mtoto mmoja. Keti mkekani. Ita jina lake mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha hesabu moyoni hadi tano. Akiitikia, mtazame, mguse bega, umpe kazi ndogo: "Niletee kikombe chako." Asipoitikia, msogelee, mguse, rudia jina. Usipaze sauti kutoka jikoni. Mtoto aliyezoea kuitwa mara sita hujua kwamba tano za mwanzo hazina maana.

Siku ya nne waweke pamoja. Ita mmoja. Akija asiyeitwa, mwambie kwa upole, "Nimemwita Kulwa. Wewe Doto nitakuita," na umwite kweli kabla dakika mbili hazijaisha. Usipotimiza ahadi hiyo atakuja kila jina litakapotajwa.

Tahadhari. Asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, tena mara kwa mara, asihesabiwe mkaidi. Mpeleke kliniki apimwe masikio kwanza. Kwa mapacha dalili hii hufichika kwa urahisi, maana asiyesikia humfuata anayesikia: mwenzake akigeuka, naye anageuka.

Umefaulu ukimwita Doto, Doto akaitikia na kuja, na Kulwa akaendelea kucheza.

## Hatua ya 2: Kuamkia

Mpangilio ni huu: asogee hadi umbali wa mkono mmoja, amtazame mkubwa, aseme "Shikamoo, bibi," angoje "marahaba," aulizwe "hujambo?" ajibu "sijambo." Kama nyumbani kwenu mtoto hupokea mkono na kuubusu, ongeza hilo baada ya maneno kukaa sawa. Usiyafundishe pamoja siku ya kwanza.

Zoezi la mtoto mmoja lifanyike na mtu mmoja aliyezoeleka, mara tatu kwa siku, siku tatu. Siku ya nne ongeza mtu wa pili wa nyumbani. Wiki ya pili toka naye peke yake, mmoja tu, hadi kwa jirani wa karibu aliyekwisha kuambiwa. Kesho yake mtoke na mwingine.

Kisha wakutanishe, na hapa ndipo penye siri ya hatua nzima: anayeamkiwa aitikie mara mbili, kwa majina. Mkubwa akisikia sauti moja akajibu "marahaba, hamjambo wanangu," mambo yameharibika. Yule kimya amepata marahaba yake bila kutamka neno, na hana sababu ya kutamka kesho. Waombe bibi, ami na majirani wa barazani waseme hivi:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, Kulwa. Hujambo?"
"Sijambo."
Bibi anageuza uso. Anangoja. "Na Doto?"
"Shikamoo."
"Marahaba, Doto."

Kungoja huko kusipungue hesabu ya tano. Wakubwa wengi hawawezi kuvumilia kimya cha mtoto, sekunde ya pili tu mtu anasema, "Basi mwache, ana haya." Mkubwa akisema hivyo siku tano mfululizo, haya hiyo inageuka kuwa sifa ya mtoto, na mtoto anaishi ndani yake.

Kulwa akimsemea ("Doto anasema shikamoo"), usimkaripie, maana anasaidia. Mwambie: "Ahsante Kulwa, umeshaamkia. Hii ni ya Doto." Doto akikataa kabisa, mruhusu apunge mkono, salamu ipite, msonge mbele. Usimvute mkono wala usimsukume mgongoni mbele ya watu. Anayesukumwa kwa mgeni leo atakimbilia chumbani akisikia hodi kesho.

Anza kila siku na mtoto tofauti. Msemaji akitangulia kila mara, huyo wa pili ataiga tu sauti ya mwisho, na utasikia "...moo."

Umefaulu wakipita barazani penye watu watatu, kila mmoja akaamkia kwa sauti inayosikika, na anayetangulia si yule yule.

## Hatua ya 3: Kuomba, kupokea, kushukuru

Hii haina mlolongo mrefu. Mimina maji au juisi robo kikombe tu, ili aombe tena. Akinyoosha kikombe bila neno, shika jagi, mtazame, ngoja. Akisema "naomba maji," mimina papo hapo. Ucheleweshaji unaua neno. Apokee kwa mkono wa kulia au miwili, aseme "ahsante." Marudio manne au matano kwa mtoto kwa siku, wakati wa kula na kunywa tu.

Hutokea kwa mapacha mmoja akawa wa mkono wa kushoto na mwenzake wa kulia. Huyo wa kushoto aache achore na kurusha kwa mkono wake. Kula na kupokea mfundishe kwa mkono wa kulia, taratibu, kwa kumpa kitu upande wa kulia wa mwili wake. Usimpige mkono wala usiufunge.

Sasa kuhusu lugha yao. Mapacha wengi huzungumza maneno yao wenyewe yasiyoeleweka na mtu mwingine. Usiwakataze; ni maneno ya watoto yaliyopotoka, na hupungua kadiri Kiswahili chao kinavyokua. Kinachotakiwa ni mpaka: wakiongea wao kwa wao, waache. Wakimwomba mtu mzima, lazima neno liwe la watu wote. Mtoto akisema "gaga" akionyesha andazi, sema "andazi," ngoja alirudie kadiri anavyoweza, mpe. Usilitumie neno "gaga" wewe, hata kama linakufurahisha. Na katika dakika zake za peke yake zungumza naye sana, kwa sentensi kamili, maana mapacha hupata maongezi machache ya ana kwa ana na mkubwa kuliko mtoto aliyezaliwa mmoja. Hiyo ni sababu mojawapo ya wengi wao kuchelewa kusema.

## Hatua ya 4: Zamu

Tumeipa hatua hii nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, wakanunua vitu viwiliviwili vya kila aina. Viwili viwili huleta utulivu wa wiki moja. Baadaye wanagombea kipi ni kipya zaidi.

Nani anaanza? Lisiamuliwe na nguvu, wala kilio, wala huruma yako. Chukua kalenda. Zungushia tarehe 1, 3, 5 na kuendelea kwa nyekundu, na 2, 4, 6 kwa kijani. Asubuhi wapeleke ukutani waguse tarehe ya leo. Rangi ya nani? Huyo anaanza leo kwa kila kitu: kuoga, kukaa dirishani kwenye bajaji, kupewa mpira. Angalia miezi yenye siku 31: tarehe 31 na tarehe 1 zote ni nyekundu, na Doto ataligundua hilo mapema kuliko unavyodhani. Tarehe 31 usiizungushie rangi. Siku hiyo anaanza mzazi, halafu wao wafuate kwa namna yoyote utakayotangaza asubuhi. Fanya hivyo hivyo tarehe 29 Februari.

Jambo moja hapa lina madhara makubwa. Kulwa amemtangulia Doto kwa dakika chache. Dakika hizo zisitumike kumwambia "wewe mkubwa, mwachie mwenzio." Anayeachia kila siku hujifunza kuficha vitu vyake, na anayeachiwa hujifunza kulia.

Zoezi lenyewe.

Kwanza na mtoto mmoja. Wewe na Kulwa mko na mpira. Yeye sekunde 30, mlio ukilia anakupa mkononi. Wewe unaushika sekunde 30 huku unasema, "Zamu ya mama. Kulwa anangoja." Mlio ukilia, unampa. Mara sita. Kusudi ajifunze kwamba kilichoondoka kinarudi. Mtoto asiyeamini kitu kitarudi hawezi kukiachia, na hajapata nafasi ya kuamini hilo mbele ya mwenzake anayenyang'anya. Siku mbili tatu na Kulwa, siku mbili tatu na Doto.

Kisha pamoja. Anayecheza yuko katikati ya ua. Anayengoja amekaa kigodani, na ana kazi: kupiga makofi taratibu na kuhesabu kadiri anavyojua, au kushika saa ya mchanga. Asiye na kazi atainuka. Mlio ukilia sema maneno haya tu: "Imelia. Doto, mpe Kulwa." Apewe mkononi, si kutupiwa. Mpokeaji aseme "ahsante," aliyetoa aende kigodani.

Wiki ya kwanza sekunde 30, ya pili dakika moja, ya tatu dakika mbili. Kwa mtoto wa miaka mitatu dakika tano za kungoja ndizo mwisho, usivuke.

Akikataa kutoa: piga goti, weka mikono yako juu ya yake kwenye mpira, hesabu hadi tano kwa sauti, uchukue bila kukwapua, umpe mwenzake. Hapana hotuba. Atalia. Mwache alie ukiwa karibu naye, na usimwongezee sekunde hata moja kwa ajili ya machozi. Mcha mwana kulia hulia yeye, na kwa mapacha utalia mara mbili, maana anayetazama naye anajifunza bei ya kilio.

Wote wawili wakigombana juu ya kitu ambacho zamu yake haikupangwa: kitu kinapanda juu ya kabati hadi mlio wa dakika tano. Usichunguze nani alianza kama hukuona. Mapacha wakishajua unaendesha kesi, watakuletea kesi kumi kwa siku, na kusemeleana kutazaliwa hapo.

Lakini kila mtoto awe na kitu kimoja kisichoazimwa, chenye rangi yake: mwanasesere, gari, hata kipande cha kanga cha kulalia. Mtoto asiye na chake hawezi kutoa.

Umefaulu siku utakayomsikia mmoja akisema "bado mimi, halafu wewe," na mwenzake akangoja bila kukutafuta kwa macho.

## Hatua ya 5: Sinia

Wiki ya kwanza kila mmoja na kisahani chake, mkekani. Kaa kitako. Nawa kabla: mmoja anamimina kwa birika lenye maji kidogo, mwenzake ananawa kwa sabuni kwa sekunde 20 hivi, kisha wanabadilishana. Kumiminiana maji kunawafundisha kuhudumiana bila somo. Bismillahi, au dua ya nyumbani kwenu. Mkubwa anaanza, ndipo wao.

Wiki ya pili leta sinia. Kosa la kawaida ni kuweka kitoweo katikati, kama tufanyavyo watu wazima, halafu kuwagombeza wakivamia. Weka wali, chora kwa mwiko mstari mwembamba kati ya upande wa Kulwa na upande wa Doto, na kitoweo kigawe kabisa, kila upande fungu lake. Samaki mchambue miiba kabla hajafika mkekani. Kibua na dagaa wakubwa wana miiba midogo inayoponyoka macho, basi pitisha vidole mara mbili.

Maneno ya kufundisha ni mawili: "mbele yako" na "tonge dogo." Mkono ukivuka mstari, gusa upande wake kwa kidole, sema "mbele yako," basi. Asiseme akiwa na tonge mdomoni. Mwambie sababu yake, kwamba chakula kinaweza kupita njia ya pumzi. Baada ya wiki mbili acha kuchora mstari uone kama wanaukumbuka.

Akishiba aseme "nimeshiba, ahsante," angoje umjibu, ndipo ainuke. Usimlazimishe kumaliza upande wake kwa sababu tu mwenzake amemaliza wake.

## Hatua ya 6: Akiuma, akipiga

Fanya kwa mpangilio huu, kila mara.

1. Watenganishe bila kupaza sauti.
2. Mshughulikie aliyeumizwa kwanza. Osha kwa maji na sabuni. Ngozi ikiwa imechanika, nenda kituo cha afya. Aliyeuma asipate hata jicho lako katika dakika hii, kwa sababu wengine huuma ili watazamwe.
3. Mpeleke aliyeuma pembeni, mahali mwenzake hamuoni. Kipengele hiki ndicho husahaulika. Ukimkaripia mbele ya pacha mwenzake, watatazamana, watacheka, na kilichokuwa karipio kinakuwa mchezo. Piga goti, sema sentensi moja: "Umemuuma Doto. Anaumia. Mdomo haumi mtu."
4. Mpe kazi ya kutengeneza: alete maji, ashike kitambaa cha baridi, ampulizie. Kisha neno "samahani" kama liko tayari. Neno lililokamuliwa kwa nguvu halina kitu ndani, na mapacha hulitamka haraka ili warudi kuuma tena.
5. Fundisha neno la kutumia badala ya jino: "Sitaki," "Acha," "Niache." Mfundishe na aliyeumwa pia, ajue kusema "acha" kwa sauti kubwa.

Usiwaadhibu wawili kwa kosa la mmoja. Hasara yake ni mbili: asiye na kosa anaona adabu haimlindi, na mwenye kosa anapata mwenzi wa kugawana naye. Na fimbo iache. Mtoto wa miaka mitatu aliyepigwa kwa kupiga anaondoka na somo kwamba mkubwa ndiye mwenye ruhusa ya kupiga. Na kwa pacha yuko mdogo wake, wa dakika chache, wa kulifanyia mazoezi.

Andika daftarini saa na mahali kila tukio. Baada ya wiki mbili utaona mpangilio. Ikiwa matano kati ya sita ni kabla ya chakula cha jioni, tatizo ni njaa. Leta chakula mapema nusu saa.

## Hatua ya 7: Hodi, wageni na njiani

Hodi. Asimame kando ya mlango, asichungulie. Abishe mara tatu, kila moja ikifuatiwa na kimya kifupi. Asipokaribishwa arudi. Akikaribishwa, avue viatu, viwekwe pamoja. Mmoja abishe hodi ya kwenda, mwingine abishe nyumba inayofuata.

Kudakia maneno. Ukiwa na mgeni, wafundishe kukuwekea mkono begani na kungoja: Kulwa bega la kulia, Doto la kushoto. Wewe ufunike mkono wake kwa wako, ajue umemsikia, na ndani ya nusu dakika umgeukie. Bega moja moja huzuia wasisukumane. Fanyeni mazoezi kwanza na mtu wa nyumbani, mkiigiza.

Kupita mbele ya waliokaa. Ainame kidogo, aseme "naomba kupita." Wafuatane, wasipite wawili sambamba.

Safari ya kwanza ya kutembelea isizidi dakika 20, baada ya kula, na sheria zisizidi tatu, zisemwe mlangoni kwenu kabla ya kutoka. Soko la Mgandini liache hadi wameweza nyumba tatu za majirani. Pale watu ni wengi, mikono yako ina kikapu, na kila muuzaji anataka kuwashika mashavu.

Maneno ya wageni. Mtu atasema, "Huyu ndiye mwenye adabu, huyu mwingine mtundu." Usinyamaze na usimgombeze mgeni. Taja papo hapo jambo la kweli la yule aliyeshushwa: "Doto ndiye aliyekutandikia huo mkeka." Mapacha huigawana tabia kama wanavyogawana kitanda. Mmoja akishapewa nafasi ya mpole, mwenzake hubaki na ile iliyosalia.

## Wakirudi nyuma

Watarudi. Baada ya homa, baada ya likizo kwa bibi Pangani, baada ya mtoto mpya kuzaliwa. Rudi hatua moja nyuma kwa siku tano, tena kwa dakika za mmoja mmoja, bila lawama. Ikiwa mmoja tu ndiye aliyerudi, mrudishe yeye peke yake.

Kuna dalili ambazo haziondoki kwa mazoezi. Mtoto wa miaka miwili ambaye bado haungi maneno mawili kama "mama njoo". Wa miaka mitatu ambaye watu wa nje hawamwelewi kabisa. Au ambaye hatazami uso wala hageuki kwa jina lake. Hapo beba kadi ya kliniki, nenda kituo cha afya kilicho karibu, ueleze hayo kwa kila mtoto kivyake, na uulize kuhusu rufaa ya hospitali ya mkoa, Bombo. Usikubali jibu kwamba "mapacha ndivyo walivyo" kabla masikio hayajapimwa.

## Kabla ya darasa la awali au chuo (madrasa)

Wiki moja kabla, nenda kwa mwalimu bila watoto. Mwombe mambo manne: awaite kwa majina, awakalishe mikeka au madawati tofauti yanayoonana, amngoje kila mmoja ajibu mwenyewe, na akiwa na la kumlalamikia mmoja asimtume mwenzake alete habari nyumbani. Hilo la nne lisisitize. Pacha aliyefanywa mjumbe wa makosa ya mwenzake huanza kuyatafuta.

Sare zitafanana, na mwalimu ana watoto wengi. Shona uzi mwekundu kwenye pindo la mkono wa kulia wa shati la Kulwa, na wa kijani kwenye la Doto, rangi zile zile za vikombe, kisha mwonyeshe mwalimu kabla ya siku ya kwanza.